Kuku ya Mukono ya Mwanamuke

Miaka yote ile, watu ya musikiti walikula kuku ya Faida na kulamba vidole. Walikula ku ndoa, walikula ku matanga, walikula ku Idi. Hakuna mutu aliuliza nani alichinja. Walikuwa wanaona Dady anatoka nyuma ya nyumba pale mutaa ya Saio, tablie yake, ile nguo ya kazi ya mbele, imejaa damu, kisu ku mukono, manyoya ku kichwa, basi wakasema mu roho: ile kijana njo anachinja. Dady! Mutoto ya korali, anaimbaka kila siku ya Mungu ku kanisa na sauti ya kutetemesha mabati. Kazi yake ilikuwa kunyonyoa tu. Kisu alikuwa anaibeba juu ya kuiosha.

Mwenye alikuwa anachinja ni Faida.

Alianza wakati bwana yake Ramazani aliugua macho. Ramazani alikuwaka muchinjaji ya Saio yote. Mu Bunia hii, mukristo akiwa na karamu na mu wageni wake kuko waislamu, hangojei wamukumbushe: anaita muislamu amuchinjie, anaweka sufuria yao pembeni, na mwiko yake, na mama yake ya kuichunga. Ile njo sufuria ya waislamu. Hata miaka ya vita, wakati watu walikuwa wanakatana na mapanga juu ya kabila, ile sufuria ilibakia pembeni na hakuna mutu aliichezea. Macho ya Ramazani ilipoanza kuzima, aliogopa kukata vibaya, akamupatia bibi yake kisu. Akamuambia: taja jina ya Mungu, kata mara moya, usirudilie. Alipokufwa, kaka zake walikuya kugawana vitu. Walibeba pikipiki, walibeba radio, walibeba hata viti ya kukalia wenye matanga. Walisahau kisu. Faida hakuwakumbusha.

Na asiseme mutu kwamba alificha. Alichinja mu parsele, kiwanja yake mwenyewe, mwangaza ya jua, mulango wazi. Kama watu wanapita wanaona tablie ya Dady na kutosheka, ile ni macho yao, haiko ya Faida.

Sasa, wiki ine mbele ya ndoa ya Ornella, mutoto ya Félicien na Espérance, bibi ya Muzee Kasimu alipitia mulango ya nyuma. Jina yake Zubeda. Ile mwanamuke hajapitaka mulango ya mbele ya mutu yoyote, anapenda kuona sufuria mbele ya kuona uso. Alikuta Faida amekanyaga mabawa ya jogoo, kisu imekwisha kupita, na Dady amekaa pembeni anaimba.

«Eh! Ni weye?» Zubeda akasema.

«Ulifikiri ni nani? Malaika?»

Zubeda hakununua kitu. Aliinua kikwembe yake na akaenda mbio, na kwa ile mwili yake, kwenda mbio haiko kitu ndogo.

Muzee Kasimu ni mutu ya komite. Iko na funguo ya musikiti, iko na funguo ya mikrofoni, na mwana yake anachinja ngombe ya watu. Aliposikia maneno ya Zubeda, tumbo ilimuuma ya miaka yote kwa siku moya. Siku ya ijumaa, kisha sala, alisimama, akakohoa, akasema: «Kuku ya mukono ya mwanamuke ni kibudu. Ni mufu. Mwenye anaikula anakula kitu ya kutupa. Tangu leo, mutu asikule kwa Faida.»

Mbele jua haijashuka, habari ilifika mu Saio yote. Watu wenye walikuwa wanamuita Mama Faida, Mama Faida, tupunguzie kidogo, walianza kupita ngambo ingine ya barabara. Kuku zikamulalia mu banda, zinakula tu na kunya. Espérance, mama ya mwali, alikuya na aibu ku uso.

«Mama Faida, siye ni wakristo, kwetu hakuna matata. Lakini Félicien iko na wageni waislamu wengi, watu ya biashara yake. Kama wanakatala kukula, ni haya kwetu. Niite mutu mwengine?»

«Ita. Njia iko wazi.»

«Usikasirike.»

«Sijakasirika. Lakini kama unaita mwengine, mukono yangu usiishike tena juu ya salamu. Unaniona ninaleta uchafu ku ndoa ya mutoto nilimubeba mugongo?»

Espérance akakaa chini. Akawaza. Akasema: «Abdoul anarudi wiki hii, haiko vile? Yee njo alisomea mambo hii. Tumungojee Abdoul.»

Abdoul ni mutoto ya kaka ya Faida. Kaka alikufwa mu vita, Faida akamulea na kuku: kuku ilimuvalisha, kuku ilimusomesha. Alimaliza madrasa ya Bunia, akaenda Uganda, kisha Misri, miaka ya kusoma sheria ya dini mupaka ndani kabisa, na ku mwisho akaingia mu masomo ya kutoa fetwa. Fetwa ni jibu. Mutu anakuya na jambo yake, anauliza: ku dini, hii iko halali ao haramu? Na ile mwenye amesoma anamujibu. Mu Bunia hakukuwa hata mutu moya wa kazi ile. Kuko wazee ya kusema hapa babu alisema vile, basi.

Alifika na ndevu ndogo na sanduku ya vitabu nzito kama maiti. Faida akamuchinjia jogoo. Abdoul akakula, akasimulia vile walikuwa wanafundishwa: mwalimu anatupa swali, wanafunzi wanajibu, mwalimu anawakatalia. Mwaka muzima walijifunza kusema «sijui».

Faida aliweka kijiko chini. «Kwa kusema sijui ulipanda ndege? Dady anasema sijui siku yote, na hajafika hata Nyankunde hapa karibu.»

«Shangazi, kuko sijui ya mujinga na kuko sijui ya mwenye anaogopa kudanganya watu.»

Akaendelea, mudomo imejaa. Mutu ya fetwa asijibu akiwa na kasirani, wala na njaa, wala na usingizi. Aulize vizuri mbele ya kujibu. Ajue desturi ya mahali. Asiangalie kama mwenye anauliza ni tajiri ao ndugu yake. Na kama mu muji muzima hakuna mwengine wa kujibu, hana tena ruhusa ya kunyamaza. Pale kunyamaza inakuwa zambi yake. Alisema vile na kiburi, kifua mbele, paja ya kuku ku mukono. Faida alisikiliza yote. Hakuna kitu ilimupita.

Alingojea ashibe. Alingojea anawe mikono. Kisha akafunga mulango ya jiko.

«Haya. Hauna njaa, hauna kasirani, na kulala utalala kisha. Kuku yangu iko halali ao haramu?»

Abdoul akainama. Alikuwa amekwisha kusikia, Bunia haifungaka mudomo. «Shangazi, weye unajua.»

«Sikukuuliza miye ninajua nini. Miye sikufika Misri.»

Akaangalia dirisha. Akapunguza sauti. «Iko halali. Hakuna hata mashaka. Wakubwa ya madhehebu zote ine wanakubali: mwanamuke akichinja vizuri, ni kama mwanaume amechinja.»

«Asante. Sasa toka inje, sema vile ulisema.»

«Shangazi…»

«Toka.»

«Ngoja kwanza. Komite inataka kunipatia kiti ya kufundisha. Kama ninaanza na kugombana na Muzee Kasimu, nani atanisikiliza? Dini iko na hekima yake, hautupi jiwe mu nyuki siku ya kwanza. Siku ya ndoa nitachinja miye mwenyewe. Kuku yako, kisu yako, biashara yako, mukono yangu. Watu watakula, kelele itakwisha, na polepole, polepole…»

«Weye utachinja.»

«Ndiyo.»

«Weye mwenye ulikuwa unalia kuku ikikuangalia.»

«Shangazi, nimekuwa mukubwa.»

«Haujakuwa. Ukichinja weye, umekwisha kumujibu Kasimu. Umemuambia: ndiyo muzee, uko na haki, mukono ya ile mwanamuke mwenye alinilea ni uchafu, angalia nimeleta yangu.»

Faida akachukua sahani ya Abdoul na mifupa na yote, akafungua mulango, akamupatia imbwa ya jirani mbele ya macho yake.

«Jibu ya kuambia mutu mu jiko, dirisha imefungwa, ile haiko fetwa. Ile ni umbeya.»

Tangu siku ile akamupatia mayi, akamupatia kitanda, hakumupatia maneno. Asubui Abdoul anasalimia, Faida anasalimia kuku. Wiki ikapita. Wiki ya pili, kimya. Watu walimuuliza Abdoul ku barabara, na yeye anacheka kidogo, anasema tutaangalia. Tutaangalia! Walimusomesha miaka yote ile juu ya kusema tutaangalia. Espérance akatuma mutu kusema siku zinafika, ajue kama anatafuta mwengine. Faida akamurudishia jibu: ijumaa jioni utajua.

Juu ile ijumaa komite ilikuwa imemupanga Abdoul akae ku musikiti, kisha sala ya alasiri, watu wamuulize maswali. Walitaka kumupima, kama vile mutu anapima ngombe mbele ya kuinunua. Wanaume walikaa chini mbele yake, Muzee Kasimu ku kiti pembeni, funguo ku kidole anaizungusha. Wanawake nyuma ya pazia. Ku Bunia mwanamuke iko na swali anatuma mwanaume yake, kaka yake, mutoto yake. Hajiulizii.

Mutu moya ya machimbo akauliza juu ya kuuza zahabu leo na kulipwa kisha. Abdoul akamujibu: hapana, zahabu ni mukono kwa mukono. Mwengine akauliza jambo ya urizi ya mama na watoto ya baba mbalimbali. Abdoul akasema: «Ile sijui, nitatafuta.» Watu wakanungunika. Muzee Kasimu akatabasamu, amefurahi sana na ile sijui.

Faida akasukuma pazia.

«Niko na swali.»

Kasimu akasimama. «Mwanamuke anatuma mutu!»

«Nilikuwa na mutu ya kutuma, alikufwa. Unataka nipitie ku kaburi kwanza?»

Mutu moya akacheka, akajifunika na kofia. Faida hakumungojea amalize. Akasimama pale ku pazia, kitambaa ku kichwa, mikono imekunjwa, akaangalia Abdoul peke yake.

«Miye Faida, wa Saio. Ninachinja kuku. Nimechinja miaka mingi na nyiye wote muko hapa mumekula. Muzee anasema ni kibudu. Ninauliza mutu mwenye alisomea: iko halali ao haramu? Na mu muji hii hakuna mwengine wa kunijibu. Weye mwenyewe unajua ile inamaanisha nini.»

Hata watoto wenye walikuwa wanacheza na viatu ku mulango waliacha. Faida aliona vile vidole vya Abdoul vinashika kanzu, na hakumuhurumia hata kidogo. Aliwaza: ukinyamaza sasa, mwanangu, sanduku yako ya vitabu nitaitupa mwenyewe ku barabara.

Abdoul akainua kichwa. «Kisu yako iko na makali?»

«Unaijua ile kisu.»

«Siulizi kama mutoto yako. Ninauliza kama mwenye anajibu. Iko na makali?»

Ile sauti Faida hakuwa anaijua. Akafungua mikono. «Iko na makali.»

«Unataja jina ya Mungu?»

«Kila kuku.»

«Unakata wapi?»

«Koo, na njia ya chakula. Mara moya.»

«Ngoja!» Muzee Kasimu alipiga kelele. «Umuulize na ile ingine! Mwanamuke iko na siku zake za mwezi. Akichinja mu ile siku je?»

Faida akamugeukia. «Muzee Kasimu, kwangu ile ilikwisha kitambo. Rudi kwako umuulize Zubeda kama kwake ingali.»

Nyuma ya pazia wanawake walicheka mupaka mikeka ikatikisika. Abdoul hakucheka. Alingojea kelele ishuke.

«Hata mu siku zake,» akasema, «iko halali. Na hii sikuitoa mu kichwa yangu. Wakati ya Mutume, kulikuwa mutumwa mwanamuke, kazi yake kuchunga kondoo. Kondoo moya ikataka kufwa. Hakuwa na kisu. Akavunja jiwe, akaichinja na ile jiwe. Watu wakaogopa kukula, wakatuma mutu kuuliza. Mutume akawaambia wakule. Hakuuliza ni mwanamuke, hakuuliza ni mutumwa. Kuku ya Faida ni halali. Mwenye anasema ni kibudu, anakataza kitu Mungu hakukataza. Na nyiye wenye mulikula miaka yote ile, mulale vizuri. Mulikula halali.»

Wamoya wakapumua, ilionekana. Walikuwa wanahesabu mu kichwa Idi zote wamekula. Lakini Kasimu aliendelea kuzungusha funguo.

«Fetwa haiko hukumu ya tribinali,» akasema. «Mwenye anataka, afuate. Miye sifuati. Na wangu hawafuati.»

«Ni kweli,» Abdoul akajibu. «Hakuna mutu analazimishwa kukula.»

«Na kiti ya kufundisha, komite itaangalia tena.»

Kila mutu alielewa. Abdoul naye alielewa. Akafunga kitabu yake, na akauliza kama kuko mwenye swali ingine.

Ku nyumba alikuta Faida anasugua sufuria. Akasimama pale ku mulango kama mutu anangojea zawadi.

«Shangazi, nilisema.»

«Nilisikia, sina uziwi.»

«Kiti imekwenda.»

«Haikuwa yako. Ilikuwa ya Kasimu, alikuazima ukalie.»

«Kwa hiyo hata leo haunisamehe?»

Faida akamwaga mayi chafu karibu na miguu yake. «Ulijua siku ya kwanza, ukaniacha wiki mbili nipite mu muji kama mwizi. Chakula iko ndani, kula. Mambo ya kusamehe, ile sijui, nitatafuta.»

Siku ya ndoa, Félicien alimutengenezea Faida mahali nyuma, karibu na jiko, pa kujificha vizuri. Faida alikatala. Alibeba kibao yake na kisu na Dady, akaikalia mbele, karibu na mulango ya parsele, chini ya bashe, ile turubai ya karamu, pale kila mugeni anapita. Mwenye anakuya kusalimia mwali, anaona kwanza Faida. Alichinja zote. Haiko tu ya sufuria ya waislamu: zote, na ya wakristo pia, wasipate mutu wa kusema hii ni ya mwanaume, hii ni ya mwanamuke. Kila moya alitaja jina ya Mungu na sauti ya kusikilika ku barabara. Wenye pikipiki walipunguza mwendo waangalie.

Kisha kukatokea jambo. Félicien alikuwa na ngombe yake amefunga ku muti, muchinjaji hafiki. Ile muchinjaji ni mwana ya Kasimu. Akangojewa, akatafutwa, akapigiwa telefone: telefone imezimwa. Baba yake alikuwa amemukataza. Walitaka mufano: karamu ya mwanamuke ishindwe mbele ya watu wote.

Félicien akakuya, tai imelegea. «Mama Faida, tutafanya nini? Wageni wa Nyankunde wamekwisha kufika.»

Faida hajachinjaka ngombe hata siku moya. Aliiangalia. Ngombe ikamuangalia. «Iko na koo sawa na kuku,» akasema, «ni kubwa tu. Leta wanaume waiangushe. Dady, noa ile kisu kubwa. Abdoul, kuya ushike pembe, na ukilia nitakuona.»

Wanaume sita wakaiangusha. Abdoul akashika pembe, macho yake imefungwa, lakini alishika. Faida akavua viatu, akapiga goti, akataja jina ya Mungu, akakata. Mara moya. Damu ilimufika mupaka ku kitambaa ya kichwa. Wamama wenzake Espérance wakapiga vigelegele, wakristo na waislamu, na pale Faida alisimama, goti inamuuma, na akatafuta na macho nani bado iko na neno ya kusema.

Muzee Kasimu alikuya kukula ndoa, ndiyo. Félicien ni mwenzake ya biashara, hangeweza kukosa. Alikaa ku meza ya mbele na wazee wenzake. Wamoya wao walikuwa wanakula nyama, wanainama sana ku sahani. Yeye alikula sombe ya majani ya muhogo na bugali, kavu, anatafuna polepole.

Faida aliweka paja ya kuku na kipande ya ngombe mu sahani safi. Akamuita Abdoul.

«Pelekea Muzee.»

«Shangazi, hatakula.»

«Sikukutuma umukulishe. Nilisema pelekea.»

Abdoul akabeba ile sahani, akapita katikati ya watu wote, katikati ya wenye kucheza, na mikono mbili, na heshima, kama mutu anapelekea mukwe. Akaiweka mbele ya Kasimu. Muzee akasema: «Nimeshiba.» Abdoul akanyoosha mukono aiondoe.

«Iache!» Faida alipiga kelele kutoka ku mulango. «Ibakie pale! Ikipoa, ipoe mbele yake!»

Ikabakia. Muzee Kasimu akakaa nayo, anafukuza nzi na mukono yake mwenyewe, harufu inamuingia mu pua, mupaka sombe yake ikamushinda kumeza.

Ku meza ya wanawake Zubeda alimaliza sahani ya kwanza, akaamka, akakuya na sahani tupu mbele ya Faida, anacheka kidogo na mudomo yenye mafuta. «Mama Faida, niongeze.»

Faida akatafuta mu sufuria. Hakuharakisha. Akapita paja, akapita kifua, akatoa shingo, nyembamba, imekatwa safi, akaiweka katikati ya sahani.

«Shika. Angalia vizuri pale kisu ilipita,» akasema, «na uende umuambie bwana yako.»